Hodi ya saa saba mchana

Nauza nguo Soko la Mgandini, hapa Tanga, na mwanangu analelewa kituoni Makorora. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, hivyo cheti niliomba nikione. Mwenye shaka amwone afisa ustawi wa jamii. Lakini cheti hakimwogeshi mtoto! Mimi hupiga hodi saa saba bila taarifa, joto likiwa limewachosha walezi. Naangalia choo, geti, na ndoo za maji: iliyo wazi inatosha kumzamisha mtoto anayetambaa. Kisha nauliza, "Dada, kashindaje?" Anayemjua mwanangu hunipa na ziada: uji kaugomea, kalilia mpira. Watoto thelathini kwa mlezi mmoja? Hapo nageuza, hata wasitoze ada.