Waya ghali hauboreshi muziki, kasoro iko nyuma ya soketi

MPENZI wa muziki anapoona sauti ya spika zake ikikwaruza kila jioni, jambo la kwanza analoshauriwa aghalabu ni kununua waya mpya wa umeme wa amplifaya. Nyaya hizo nene, zilizofumwa kwa ustadi na kuwekewa plagi zinazong'aa, hunadiwa kote duniani kuwa huleta besi nzito na sauti safi zaidi. Baadhi huuzwa kwa bei inayopita ya amplifaya yenyewe.

Swali ni je, fedha hizo huleta manufaa yoyote? Kwa mkazi wa Soweto East, mtaani Kibera jijini Nairobi, jibu linaweza kuokoa pesa, na hata maisha.

Kwanza ni vyema kufahamu jinsi amplifaya inavyofanya kazi. Umeme wa volti 240 unaotumika nchini Kenya hauingii moja kwa moja kwenye muziki. Ndani ya amplifaya ya kawaida, transfoma huupunguza, kisha vifaa vingine huubadilisha uwe wa mkondo mmoja, na kapasita kubwa huuhifadhi kama tangi linavyohifadhi maji. Muziki huchota nguvu katika tangi hilo, wala si kwenye waya wa ukutani.

Hesabu nazo zinathibitisha hayo. Waya wa shaba wa mita 2, wenye unene wa milimita mraba 1, hupoteza chini ya sehemu moja ya kumi ya volti amplifaya inapovuta ampea 1, yaani wati 240. Ukibadilishwa na mwingine wenye unene maradufu, kinachookolewa ni kiasi kidogo mno ambacho amplifaya haiwezi kukitambua.

Masikio pia yamejaribiwa. Mwaka wa 2004, wapenzi wa muziki wa eneo la San Francisco, Marekani, walisikilizishwa muziki bila kujua ni waya upi uliokuwa ukitumika, wa kawaida au wa bei ghali. Majibu sahihi yalikuwa takriban nusu, sawa na mtu anayebahatisha kwa kurusha sarafu.

Hata hivyo, hii haina maana kwamba nyaya si muhimu. Tatizo ni kwamba watu wengi huangalia mita 2 za mwisho na kusahau safari yote ambayo umeme umepitia kabla ya kufika kwenye soketi.

Katika sehemu za mabanda, nyumba nyingi zimekuwa zikipata umeme wa "sambaza", ambapo waya mmoja huvutwa kutoka mbali na kugawiwa majirani kadhaa. Chukua mfano wa waya wenye unene wa milimita mraba 0.75 uliovutwa umbali wa mita 60. Jioni, majiko ya koili na pasi zinapovuta ampea 10 kwa pamoja, volti zipatazo 27 hupotea njiani. Badala ya volti 240, amplifaya hupata takriban 212.

Kwa amplifaya ya transfoma ya kawaida, upungufu huo hupunguza nguvu za juu kabisa kwa zaidi ya asilimia 20. Muziki ukichezwa kwa sauti ya chini, msikilizaji huenda asitambue lolote. Lakini sauti ikiinuliwa, mikwaruzo huanza mapema kuliko inavyostahili. Hapo waya mpya wa amplifaya, hata ukiwa wa dhahabu, hauwezi kurejesha volti zilizokwisha kupotea nje ya nyumba.

Isitoshe, nguvu zinazopotea haziendi bure bali hugeuka kuwa joto. Katika mfano huo, ni zaidi ya wati 270 zinazochemsha waya ambao haukutengenezwa kubeba mzigo kama huo. Hatari huwa kubwa zaidi penye maungio, hasa shaba inaposokotwa pamoja na aluminiamu na kufungwa kwa karatasi ya plastiki. Maungio hayo huliwa na kutu, hulegea, hutoa cheche, na katika mabanda ya mbao na mabati yaliyobanana, cheche moja yatosha kuteketeza safu nzima ya nyumba.

Hatari nyingine ni waya wa nyutro kukatika mahali ambapo umeme wa fezi tatu umegawiwa nyumba mbalimbali. Volti katika baadhi ya nyumba zinaweza kupanda hadi kukaribia 415, na kuunguza amplifaya, televisheni na friji kwa mpigo.

Soweto East ni mojawapo ya maeneo yaliyolengwa na mpango wa serikali na shirika la UN-Habitat wa kuboresha mitaa ya mabanda, na mwaka wa 2016 familia zilianza kukabidhiwa nyumba mpya 822 za ghorofa. Anayehama kutoka banda hadi ghorofa akiwa na amplifaya ile ile na waya ule ule anaweza kusikia tofauti, si kwa sababu ya waya wake, bali kwa sababu ya umeme unaomfikia.

Kwa hivyo, kabla ya kununua waya ghali, ni heri kuhakikisha kwamba waya uliopo haujachubuka, plagi haichezi kwenye soketi, fyuzi ni ya kiwango alichoagiza mtengenezaji, na waya wa ardhini umeunganishwa. Volti nazo zipimwe jioni majirani wanapopika, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA).

Pesa zitakazosalia zitafaa zaidi zikinunua spika bora, kwani huko ndiko sauti hutokea.