Kihusishi Kilichomo Ndani ya Kitenzi

Maswali ya kusahihisha sentensi yaliyokuwamo katika mtihani wa GMAT wa Marekani hadi mapema mwaka 2024, pamoja na yale ya sehemu ya uandishi iliyoingizwa katika SAT mwaka 2005, yalihesabiwa kuwa ya sarufi. Baadhi yake, kwa hakika, yalipima msamiati. Katika Kiingereza cha mitihani hiyo, “forbid” hufuatwa na “to” na “prohibit” hufuatwa na “from”, ilhali vyote viwili vina maana ya kukataza. Hakuna kanuni ya sintaksia itakayomwongoza mtahiniwa. Ama anaujua mwenendo wa kitenzi, ama anabahatisha. Na aghalabu nafasi ya masomo hutegemea alama chache tu.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili tatizo hili lina sura yake mahususi. Kiswahili huuweka uhusiano ndani ya kitenzi chenyewe. Kiambishi kimoja cha kauli ya kutendea hutosha katika kupikia wageni, kukimbilia mjini, kumlilia marehemu na kisu cha kukatia nyama, mahali ambapo Kiingereza hudai “for”, “to”, “over” na “with”. Kinyume chake pia hutokea: tegemea hupokea yambwa moja kwa moja, hivyo mwanafunzi huisahau “on” ya “depend on”; naye aliyezoea kuzungumza kuhusu jambo huandika “discuss about”, kosa lenye mantiki kamili ya Kiswahili.

Kitenzi kataza kinastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Katika “Alimkataza asiende”, kishazi tegemezi hukanushwa, kwa kuwa hueleza matakwa ya mkatazaji: kwamba mtu huyo asiende. Kiingereza hutaja tendo lililozuiwa bila kulikanusha: “prohibited him from going”. Mwanafunzi anayeandika “prohibited him not to go” amekosea mara mbili, na kumsahihisha kihusishi peke yake ni kuliacha kosa kubwa zaidi, lile la ukanushi. Kamusi ya lugha mbili inayotoa visawe vitupu haimsaidii hapa, wala orodha ndefu za nahau zinazokaririwa usiku wa kuamkia mtihani. Kinachohitajika ni kitenzi kufunzwa pamoja na kishazi chake, kikiwekwa sambamba na sentensi ya Kiswahili ambayo mwanafunzi angeitunga.