Swali la "Nani Amemroga?"

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo hapa kwetu Masimba, na Gusii nzima, watu hulinong'ona jikoni, lakini kanisani hulikwepa.

Mwezi wa Mei mwaka 2008, watu wasiopungua 11, wengi wao wazee, walichomwa moto katika vijiji vya Gusii kwa kushukiwa kuwa abarogi, yaani wachawi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, kule Marani, akina mama wanne wakongwe waliuawa kwa shutuma iyo hiyo. Gusii haikosi shule, wala haikosi makanisa. Mbona basi moto bado huwashwa?

Ugonjwa ukiingia nyumbani, maswali huja mawili. La kwanza: umeingiaje? La pili: mbona kwangu? Lile la kwanza daktari hulijibu. La pili wazee wetu walimpelekea omoragori, mpiga ramli, kwa maana masimulizi ya kale yalikwisha kuwafundisha kwamba nyuma ya msiba kuna mtu. Kazi iliyobaki ilikuwa kumtaja tu.

Msidhani twawadharau wazee. Hao hao walikuwa na ababari, mafundi waliopasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa fuvu, wakamtibu mtu aliyepigwa rungu au aliyeanguka vibaya. Madaktari wa hospitali waliwatazama wakifanya kazi, wakaandika habari zao. Omobari alipokuwa kazini alitafuta ufa ulipo kwa macho na vidole vyake, na ujuzi huo akamwachia mwanawe. Hiyo ni sayansi, ijapokuwa hakuna aliyeiita hivyo.

Taabu huanza pale masimulizi yanapopewa kazi ya macho. Bibi kizee aonekana saa nane za usiku katika ua wa jirani. Hajui alikotoka, tena aongea na mumewe aliyekufa zamani. Masimulizi yasema, "Huyu anawanga." Lakini mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza habari za mama mmoja ambaye ubongo wake uliharibika kwa ugonjwa, na ugonjwa huo leo waitwa kwa jina lake. Mgonjwa husahau watoto wake, hupotea njia aliyoipita miaka yote, hutangatanga usiku. Dawa ya kuuondoa haijapatikana. Hata hivyo, mtu akiujua hawezi tena kumtazama bibi yule kama zamani.

Na sisi wachungaji je? Wako kati yetu waliosoma Kutoka 22:18 mimbarani pasipo neno la maelezo, wakaenda zao kula chakula cha mchana, wakamwacha kijana kanisani na kibiriti mfukoni. Twalisema hili kwa aibu.

Someni Yohana sura ya 9. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua kosa lilikuwa la nani, lake au la wazazi wake. Hilo ndilo swali la omoragori hasa! Bwana hakumtaja mtu. Aliinama, akafanya tope kwa mate, akampaka macho, akamtuma kunawa Siloamu.

Basi lile swali la "mbona kwangu," imani yetu hailijibu kwa jina la jirani. Mara nyingi hailijibu kabisa, bali hukaa chini pamoja na anayelia. Wako watakaosema kwamba dini imeshindwa hapo. Sisi hatuoni hivyo.

Usiku wa leo, mama mzee akikutwa uani kwenu, mfungulieni mlango. Mpeni uji wa wimbi na blanketi, maana baridi ya huku mwaijua. Kisha mpelekeni kwao mkiwa wawili au watatu, na asubuhi wanawe wampeleke kwa daktari.