Adrenalini, nyuki na barabara ya Likasi

Mimi nilisoma agronomia, si udaktari. Lakini mutu anayetaka kufundisha batu kufuga nyuki lazima ajue dawa moja, adrenalini. Wengine wanaiita epinefrini, ni ile ile.

Hapa Mwadingusha, kando ya Lufira, barabara ya kufika Likasi tunaijua wote: mvua ikinyesha, saa zinapita. Sasa mutu mwenye aleji (vitabu vinasema mzio) ya sumu ya nyuki hana saa, ana dakika. Mwili mzima unawasha, ulimi unavimba, sauti inabadilika, pumzi inakata, presha inashuka, anaanguka. Kuvimba tu pale nyuki alipouma, hiyo ni kawaida, siizungumzii.

Adrenalini si kitu kigeni. Tunaitengeneza sisi wenyewe, mu tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo. Mbwa akikufukuza usiku, njo yenyewe inafanya moyo upige mbio, mikono itetemeke, na ini limwage sukari mu damu. Mjapani Takamine Jokichi aliitoa ikiwa safi mu mwaka 1901. Mu 1904 Mjerumani Friedrich Stolz akaitengeneza mu maabara.

Wakati wa aleji kali, mishipa ya damu inalegea na kuvuja, na njia za hewa zinabana. Adrenalini inageuza yote mawili: inakaza mishipa, inapunguza uvimbe wa koo, inafungua mapafu, inasukuma moyo. Vidonge vya kuzuia kuwasha na hidrokortizoni haviwezi kuifanya kazi hiyo kwa haraka. Njo maana mimi sikubali mazoea ya kuanza na hivyo, kisha kungoja kuona. Adrenalini inatangulia, vingine vinafuata.

Ampuli ya kawaida iko na miligramu 1 mu mililita 1. Mutu mzima anachomwa miligramu 0.5, yaani nusu ya ampuli, ku msuli wa paja, katikati, upande wa nje. Mtoto anahesabiwa kwa uzito: miligramu 0.01 kwa kila kilo, bila kupita kipimo cha mkubwa. Kama hakuna nafuu nyuma ya dakika 5, munganga anarudilia. Moyo kupiga, kutetemeka, kichwa kuuma baada ya shindano hiyo: inapita.

Hatari iko pengine. Ampuli hiyo hiyo ikisukumwa yote mu mshipa bila kuzimuliwa, inaweza kuvuruga moyo na kupandisha presha mpaka damu imwagike mu kichwa. Kwa hiyo asiende mutu kuinunua ku farmasi ajichome mwenyewe bila kufundishwa.

Mgonjwa alazwe, miguu juu; kama pumzi inamsumbua, akae, lakini asisimamishwe gafula. Hata akipata nafuu, apelekwe lopitali, juu aleji inaweza kurudi saa kadhaa nyuma.

Ombi langu kwa wale wanaopanga mizinga mwaka huu: mupite kwanza ku santre ya afya ya karibu. Muulize kama ampuli ziko, kama tarehe haijapita, kama zinawekwa mbali na mwanga na joto, na ni nani anayejua kuchoma ku paja. Ampuli ambayo maji yake yamegeuka pinki au kahawia, itupwe. Na yule ambaye nyuki walishamuangusha mara moja, mumpe kazi ya kuuza asali.