Askari na Amri Isiyo Halali

Katika bara letu, na katika Asia pia, tumezoea kusikia habari za majemadari waliotoka kambini usiku na kuingia ikulu alfajiri. Habari zao zafanana mno: redio hutekwa, katiba huwekwa kando, na wananchi huahidiwa uchaguzi ambao siku yake haifiki. Leo twapenda kumtaja jemadari mmoja wa Pakistani, marehemu Asghar Khan, aliyeuendea utawala kwa mlango wa mbele, bila ya bunduki, akaubisha mlango huo kwa zaidi ya miaka arobaini asifunguliwe. Wengi walimcheka kwa hayo. Sisi hatumcheki.

Alizaliwa Jammu mwaka 1921, Bara Hindi ilipokuwa chini ya Waingereza, na mwaka 1940 akaingia katika jeshi lao la anga. Mwaka 1942 alikuwa rubani kijana huko Sindh, ambako wafuasi wa Pir Pagaro, waitwao Wahur, walikuwa wameiasi serikali ya kikoloni. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliamriwa kuongoza ndege zikaupige risasi msafara wa watu hao. Alipofika juu ya msafara aliona watu wasio na silaha, wanawake na watoto wakiwamo. Akageuza ndege, akarudi bila ya kufyatua hata risasi moja. Mkubwa wake Mwingereza alighadhibika. Twamwomba msomaji aiweke moyoni safari hiyo, maana mambo yote aliyoyatenda mtu huyu katika siasa yalitoka humo.

Alipigana Burma dhidi ya Wajapani. Pakistani ilipozaliwa mwaka 1947 ndiye aliyekabidhiwa chuo cha marubani cha Risalpur, na mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 36 tu, akawa mwananchi wa kwanza kuliongoza jeshi la anga la nchi yake, baada ya makamanda Waingereza. Alilishika kwa miaka minane. Alistaafu Julai 1965, na vita na India vilipozuka Septemba ya mwaka ule sifa zilimwendea mrithi wake, Nur Khan, ingawa marubani walioruka walifunzwa katika siku za Asghar Khan. Kisha aliongoza shirika la ndege la taifa hadi mwaka 1968.

Hapa yatupasa tuseme jambo lisilompendeza mtu amsifuye. Tangu Oktoba 1958 Pakistani ilikuwa mkononi mwa Jemadari Ayub Khan, aliyeitwaa serikali kwa nguvu za jeshi. Kwa karibu miaka saba Asghar Khan alikuwa mmoja wa wakuu wa majeshi chini ya utawala huo, na hilo hatuwezi kulifumbia macho. Lakini Novemba 1968, wanafunzi na wafanyakazi walipokuwa wakipigwa virungu barabarani na wapinzani wakitiwa kizuizini, alitoka nyumbani kwake akajiunga nao. Alikuwa na pensheni, heshima na nishani. Angeweza kukaa kimya kama walivyokaa wenzake wengi.

Ayub aliondoka Machi 1969. Kwa mujibu wa katiba aliyoitunga mwenyewe, madaraka yalikuwa yamwendee Spika wa Bunge. Yeye akampa Jemadari Yahya Khan. Uchaguzi ukafanywa Desemba 1970. Asghar Khan alisimama Rawalpindi, mji wenye makao makuu ya jeshi, akashindwa. Huko Pakistani ya Mashariki chama cha Awami League cha Sheikh Mujibur Rahman kilipata viti 167 kati ya 313 vya Bunge zima. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu: Mujib ndiye aliyestahili kuunda serikali. Wakubwa wa Magharibi, wenye bunduki na wasio nazo, hawakutaka. Asghar Khan alikwenda Dhaka Machi 1971, akarudi akiwaambia watu wa Magharibi kwamba wasipoheshimu kura nchi itavunjika. Tarehe 25 ya mwezi huo jeshi likaanza kuwaua wananchi wa Mashariki, na tarehe 16 Desemba likasalimu amri. Bangladesh ikazaliwa katika damu ambayo haikulazimu kumwagika.

Katika miaka iliyofuata alimpinga Waziri Mkuu Zulfikar Ali Bhutto. Baada ya uchaguzi wa Machi 1977, uliodaiwa kuwa na hila, askari walitumwa kuwapiga waandamanaji. Ndipo Asghar Khan alipowaandikia maafisa wa majeshi barua, akiwakumbusha wajibu wao wa kupambanua amri halali na amri isiyo halali. Ni rubani yule yule wa Sindh aliyekuwa akisema. Lakini mnamo tarehe 5 Julai Jemadari Zia-ul-Haq alitwaa serikali, na wako wasemao hadi leo kwamba barua hiyo ilimfungulia njia. Maoni yetu ni kwamba barua iliwataka askari wasiwapige wananchi, haikuwataka watawale. Hata hivyo, abishaye hodi kambini hachagui atakayetoka. Zia aliahidi uchaguzi katika siku 90, akatawala miaka 11 hadi ndege yake ilipoanguka. Naye mwandishi wa barua alizuiliwa nyumbani kwake Abbottabad tangu Oktoba 1979 hadi Oktoba 1984.

Chama chake, Tehrik-e-Istiqlal, hakikupata kuota mizizi vijijini wala viwandani. Wanachama wetu watalielewa jambo hilo upesi: uaminifu wa kiongozi haufanyi kazi ya matawi. Vijana walipita humo kama abiria stesheni. Mmoja wao alikuwa Nawaz Sharif, ambaye mwaka 1990 alifika uwaziri mkuu akiwa na muungano mwingine.

Ni uchaguzi huo wa 1990 uliompa Asghar Khan kazi yake kubwa ya mwisho. Ilikuja kufichuka kwamba idara ya upelelezi ya majeshi ilikuwa imegawa fedha, rupia milioni 140 zilizotoka kwa mkuu wa benki mmoja, ili kuusaidia muungano huo dhidi ya chama cha Benazir Bhutto. Mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 75, alilipeleka shauri hilo katika Mahakama ya Juu. Lilikaa humo miaka 16. Serikali zilipita, majaji wakastaafu, jemadari mwingine akapindua na kuondoka, na mzee huyo akaendelea kungoja. Tarehe 19 Oktoba 2012 Mahakama iliamua kwamba mkuu wa zamani wa jeshi, Mirza Aslam Beg, na mkuu wa zamani wa upelelezi, Asad Durrani, walivunja katiba, ikaiagiza serikali iwachukulie hatua za kisheria.

Mwaka 2017 chuo cha Risalpur kilipewa jina la Asghar Khan. Alifariki tarehe 5 Januari 2018, siku 12 kabla ya kutimiza miaka 97, akazikwa Abbottabad. Siku hiyo hapakuwa hata na mmoja wa waliotajwa katika hukumu ile aliyekuwa amefungwa kwa ajili yake.