Hoteli yenye mzimu: Hadithi ya mauaji inavyoweza kumfunza mtoto kutafuta ushahidi

WATOTO hupenda kuogopa kidogo, mradi wajue mama au baba yupo karibu. Likizo zikifika, umeme ukikatika, ndipo utasikia, “Tusimulie ya kutisha!” Mzazi anajiuliza: hadithi ya mtu aliyeuawa katika hoteli inayosemekana ina mzimu, inamfaa mtoto kweli?

Inaweza kumfaa. Inategemea umri wake na jinsi hadithi inavyoisha.

Mfano tunao nyumbani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58. Maiti inakutwa mahali panapoogopwa kwa mizimu, na watu wako tayari kuamini kwamba mizimu imefanya kazi yake. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, anaanza kuuliza maswali. Kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya watoto wadogo, lakini njia yake tunaweza kuiazima.

Tunga hoteli yako

Kwa wazazi wa Morogoro, mandhari ipo tayari. Juu ya mji, kwenye mteremko wa Uluguru, kuna Morningside, penye jengo la kale la enzi za Wajerumani. Ukungu ukishuka huko, hata mtu mzima hutazama nyuma.

Tunga hoteli ya kubuni mlimani. Mgeni amekutwa amekufa chumba namba saba. Mpishi anasema usiku alisikia mzimu ukilia msituni. Mhudumu aliona kitu cheupe kikipita dirishani. Wote wanamnyooshea kidole bibi anayeuza ndizi getini, kwa sababu macho yake ni mekundu.

Hapo simama, umwachie mtoto upelelezi. Nini hulia usiku msituni? Perere, mnyama mdogo wa mitini anayefanana na pimbi, ambaye kilio chake humtisha asiyekijua. Kitu cheupe je? Huenda ni ukungu. Na bati linalogonga usiku? Hujikunja likipoa baada ya jua la mchana. Baada ya hapo waulizane: nani alikuwa na ufunguo wa chumba namba saba?

Macho mekundu si mchezo

Swali la bibi lina uzito wake. Nchini mwetu, hasa Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yamechukuliwa kuwa dalili. Kumbe moshi wa kuni, anaoupikia mtu miaka nenda miaka rudi, huwasha macho na kuyafanya mekundu. Magonjwa ya macho nayo hufanya hivyo.

Mtoto aliyezoea kuuliza “nani aliona, na aliona nini hasa?” hatakuwa mwepesi wa kumtuhumu jirani. Kuuliza huko si kudharau mila. Waluguru wana heshima zao kwa mababu, na mtoto anaweza kuziheshimu huku akijua kwamba huwezi kumhukumu mtu kwa uvumi.

Umri na usingizi

Mtoto wa miaka mitatu hadi sita bado huchanganya ya kubuni na ya kweli. Mzimu wa hadithini kwake unaweza kuhamia chini ya kitanda. Huyu msimulie kisa cha embe lililoibwa, mauaji yasubiri.

Kuanzia miaka saba au nane wengi huanza kutenganisha vizuri, ingawa watoto hawalingani. Anza na fumbo jepesi, umtazame usoni. Akiziba masikio au akitaka uache, acha. Usimcheke, wala usitumie mzimu kumtisha ili atii.

Simulia jioni mapema, kabla ya muda wa kulala. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku, na hofu humwibia usingizi huo.

Akiota ndoto mbaya, mara nyingi ni karibu na alfajiri. Ataamka na kukusimulia. Mkumbatie, umsikilize, umrudishe kitandani. Hali nyingine hutokea saa za mwanzo za usiku: anapiga kelele, macho wazi, lakini hakutambui, na asubuhi hakumbuki kitu. Wengi husema kapagawa. Kwa kawaida ni usingizi uliovurugika, na watoto wengi huacha wanapokua. Usimtikise, mlinde asiumie hadi atulie.

Mpeleke kituo cha afya ikiwa hofu inadumu wiki kadhaa, anakataa shule, ameanza tena kukojoa kitandani, au akishtuka usiku mwili unakakamaa na kutetemeka. Dalili hiyo ya mwisho inaweza kuwa degedege au kifafa, usisubiri.

Halafu usiiache hadithi njiani ukisema “tutamalizia kesho.” Hofu isiyo na jibu hulala na mtoto. Muuaji wa chumba namba saba apatikane, bibi arudi kuuza ndizi zake, ndipo taa izimwe.