Somo la Jioni: Mpelelezi

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno la leo: MPELELEZI. Lisomeni pamoja: m-pe-le-le-zi. Ni mtu atafutaye ukweli wa jambo lililofichwa.

Mpelelezi mashuhuri wa vitabuni ni Sherlock Holmes, aliyetungwa na Arthur Conan Doyle na kutokea mara ya kwanza mwaka 1887. Mji wake ni London ya viwanda, yenye gari moshi na moshi wa makaa. Kigoma nako gari moshi lilifika mwaka 1914.

Lakini wetu ni Bwana Msa wa Unguja. Muhammed Said Abdulla alimtunga katika hadithi ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda mashindano ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957-58, ikachapwa kitabu 1960. Bwana Ali akutwa amekufa penye mzimu, mahali panapoogopwa. Mzimu umemwua? Bwana Msa avuta kiko chake, atazama alama, ahoji watu. Raha ya kitabu ni kwamba msomaji naye huziona alama hizo, akakisia, akakosea!

Tuseme wavu wa dagaa umepotea usiku pwani ya Ujiji. Watu wamtaja bibi kizee jirani: mchawi! Watampiga bure. Bwana Msa angeuliza kwanza: nyayo mchangani zaelekea wapi? Mtumbwi upi umelowa? Nani alikuwa na deni?

Haya, shikeni kalamu. Kila mmoja aandike swali jingine moja, alisome kwa sauti.